Unapokea? Maji ya Kinjeketile na tambiko jukwaani

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, waigizaji, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, nanyi ndugu mliokuja kwa mapenzi tu ya maigizo, habari za jioni.

Nimeitwa nizungumze juu ya onyesho la Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya vita vya Maji Maji, ambalo wengi wenu mliliona, lile la uani, lisilo na jukwaa la kupanda wala pazia, watazamaji tukiwa tumeketi duara kwenye mikeka na mabenchi. Waliponialika walitaka niseme kama ni zuri. Ni zuri sana. Lakini neno hilo peke yake halinitoshi, kwa sababu onyesho lile lilifika mahali ambapo maonyesho yetu mengi ya "jadi" hayafiki, na nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile. Mimi naamini tambiko likiingizwa kwenye maigizo lazima limdai mtazamaji kitu. Lisipomdai kitu, linabaki kuwa ngoma ya kupokelea wageni uwanja wa ndege.

Nianze na kisa chenyewe, maana wapo vijana hapa walioisoma tamthilia hii kwa ajili ya mtihani, mtihani ukaisha na kitabu kikafungwa.

Miaka ya 1960, wazee wa kusini waliokuwa wangali hai waliwasimulia watafiti habari za vita vya Maji Maji. Gilbert Gwassa na John Iliffe walizihariri baadhi ya simulizi hizo, zikachapishwa mwaka 1968. Humo mna habari ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe. Inasemwa alichukuliwa na pepo asubuhi, yapata saa tatu. Akalala kifudifudi, akanyoosha mikono mbele, akaanza kutambaa kuelekea majini. Wake zake na watoto wakamshika miguu wamzuie, wasiweze. Akazama. Watu wakalala pale pale kando ya maji wakimngojea. Kesho yake, saa ile ile, akatoka mzima, na nguo zake kavu.

Kavu. Msimulizi angeweza kusema alitoka anang'aa, au ametoka na mkuki wa moto. Akasema nguo zilikuwa kavu. Mwongozaji yeyote akisoma sentensi ile anajua kazi imeanza, kwa sababu ni jambo dogo linaloonekana kwa macho, na ukilikubali hilo umeshakubali yote yatakayofuata.

Yaliyofuata mnayajua. Kinjeketile alitoka na ujumbe wa Hongo, yule pepo wa majini, na maji ambayo atakayeyapokea risasi ya Mjerumani haimwingii. Watu waliokuwa hawana mtawala mmoja, wengine wakiwa na visasi vya zamani baina yao, wakaanza kumiminika Ngarambe. Julai 1905 pamba waliyolazimishwa kuilima iling'olewa Nandete, milima ya Umatumbi, na hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo la vita. Kinjeketile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga kabisa. Vikaendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kuanzia watu 75,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, baada ya jeshi la Mjerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliiandika tamthilia yake hajafikisha miaka thelathini, ikachapishwa mwaka 1969. Alitahadharisha mwenyewe kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikra, si picha ya yule mtu wa historia. Naomba tulishike hilo, kwa sababu ndilo lililowapa vijana hawa ruhusa ya kufanya waliyoyafanya.

Na wala hawakuanza wao kuthubutu. Idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizaliwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na tangu hapo walimu na wanafunzi wake walikuwa wakijiuliza kwa nini mwigizaji wa Kitanzania aingie kupitia mlango wa Shakespeare wakati nyumbani kuna utambaji wa hadithi, majigambo, ngoma na matambiko. Penina Muhando alimweka Bi Msimulizi katikati ya tamthilia yake ya Nguzo Mama mwaka 1982. Hussein mwenyewe alirudi kwenye utambaji katika kazi zake za mwaka 1976. Kwa hiyo mtu akiwaambia mmeiga Wazungu kwa kuvunja jukwaa, mwambieni asome kwanza.

Sasa niingie uani.

Hakukuwa na mwigizaji mmoja aliyekuwa Kinjeketile. Kulikuwa na kaniki. Aliyejitanda kaniki ndiye Kinjeketile, akiivua na kumfunika nayo mwenzake, mwenzake ndiye. Wa kwanza alikuwa kijana mwembamba, wa pili binti, wa tatu mtu mzima mwenye sauti nzito. Nilidhani itanichanganya. Haikunichanganya hata kidogo, kwa kuwa hivyo ndivyo pepo anavyofanya: mwenye sauti ni mmoja, anayembeba anabadilika. Waliokulia pwani wanajua kwamba yule anayepandwa huitwa kiti. Vijana wale walikuwa viti, kaniki ikipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Kutambaa kwake kulianzia nyuma yetu. Tulisikia kwanza mchanga unakwaruzwa, tukageuka, tukamwona amelala kifudifudi anapita katikati ya mikeka, tukawa tunavuta miguu apite. Dada wawili walikuwa wamemshika vifundo vya miguu. Hawakumshika kwa kuonyesha tu. Alipopita karibu nami niliona vidole vyao vimezama kwenye nyama, na visigino vyake vimechora mifereji miwili mchangani. Akaingia chini ya kaniki kubwa iliyoshikwa pembe nne, ngoma zikanyamaza, na waigizaji wote wakaja kukaa kati yetu kama watazamaji.

Kisha hakikufanyika kitu. Dakika zikapita. Tumezoea maonyesho yanayoogopa ukimya, kila penye nafasi pamejazwa wimbo au kichekesho. Hapa tuliachwa kando ya maji tukimngojea mtu. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, "Amekufa?" Mama hakumjibu. Mwigizaji aliyekaa karibu yake akamgeukia mtoto, akasema taratibu, "Hatujui." Sijui kama jibu hilo lilipangwa kwenye mazoezi, lakini baada ya pale hakuna aliyekuwa anatazama onyesho. Tulikuwa tunangoja.

Na alipotoka, pepo alikuja kwa upole. Hili nataka waigizaji vijana mlisikilize vizuri. Mara nyingi tukiigiza kupandwa na pepo tunatetemeka, tunatoa macho, tunagaragara hadi watu wacheke. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya kupunga pepo, akasikia ubani ukipanda kutoka chetezoni, anajua kwamba vurumai ni za mwanzoni. Pepo akishatulia anazungumza, anataka vyake, anajibizana na wenyeji wake. Binti yule aliyepokea kaniki alikaa chini, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nywele zilinisimama. Na alipofika pale ambapo, katika tamthilia ya Hussein, Hongo anaahidi kwamba watu watakuwa huru kisha watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar, mpiga ngoma aliondoa mikono kwenye ngozi, akamtazama. Wenzake wote wakamtazama. Na yeye, akiwa bado ndani ya kaniki, akawa kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ndipo shaka inapoingia: aliyesema ni Hongo, au ni mtu? Nimeona tamthilia hii ikichezwa ambapo sentensi ile ilipita kama nyingine zote. Safari hii nilielewa kwa nini Kinjeketile, kuanzia pale, anakuwa mtu anayekimbizana na neno alilolizaa mwenyewe.

Kisha yakaja maji.

Waigizaji walishuka kwenye duara wakiwa na vibuyu na mgwisho. Kila mmoja alipiga magoti mbele ya mtazamaji mmoja mmoja, akauliza neno moja: "Unapokea?" Ukikubali, unakinga mikono, anamimina kidogo, na anakunyunyizia mabegani. Ukikataa, anainamisha kichwa na kusogea kwa mwingine. Hakuna aliyebembelezwa wala kuchekwa. Jirani yangu alikuwa mzee amevaa kofia ya viua. Alifunga kiganja chake polepole, akasema, "Hapana, mwanangu." Kijana akamjibu, "Ahsante, babu," akanigeukia mimi.

Nawaambieni kweli, nilisita. Mimi ni mtu niliyesoma tamthilia hii, nikaifundisha, najua maji yale yametoka bombani. Na bado mikono ilikuwa mizito. Kwa sababu pale nilikuwa naulizwa mbele za watu kama niko pamoja nao au la, na swali hilo halijali umesoma vitabu vingapi. Nikakinga mikono. Maji yalikuwa ya baridi.

Baadaye ndipo tulipojua tulichokuwa tumekipokea. Waigizaji wakasema kwamba wote wenye mikono iliyolowa wasimame, waingie katikati. Tukaingia, wengi, tunatabasamu kidogo kwa aibu. Wale waliokataa wakabaki wamekaa, wakitutazama. Pembeni palikuwa na kinu kikubwa ambacho tangu mwanzo wa onyesho mama mmoja alikuwa akitwanga mtama, sauti ya kawaida ya nyumbani ambayo tulikuwa tumeshaacha kuisikia. Sasa wakaongezeka watwangaji, michi ikawa mitatu kwenye kinu kimoja, ikipokezana kwa kasi, na mtu mmoja akatamka tu: "Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905."

Siku ile maelfu ya watu waliiendea boma la Mahenge wakiamini maji. Ndani ya boma kulikuwa na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, na waliokuwa wakizihudumia bunduki nyingi walikuwa askari Waafrika chini ya amri ya Mjerumani. Michi ilikuwa inatwanga. Kila mpigo, mwigizaji alimgusa bega mmoja wetu, na aliyeguswa alikaa chini. Basi, hivyo tu. Hakuna damu ya rangi, hakuna mayowe. Unaguswa, unakaa. Mimi niliguswa mapema, nikawa namtazama binti wa miaka kama kumi na minane aliyesalia amesimama karibu peke yake, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Nikamtafuta yule mzee wa kofia kwa macho. Alikuwa ameinama.

Na michi haikuacha. Watwangaji walipungua, akabaki yule mama wa kwanza, akaendelea kutwanga kwenye kinu ambacho sasa kilikuwa hakina kitu. Mti kwa mti. Hiyo ndiyo njaa. Nimesoma kurasa nyingi juu ya njaa ile, lakini ni kinu kile kilichoniingiza ndani yake.

Mtu aweza kuniuliza: kumshirikisha mtazamaji hivi si hatari? Ni hatari, na imeshaonekana. Mwaka 1968 kikundi cha Richard Schechner huko New York kilicheza Dionysus in 69, kazi iliyotokana na tamthilia ya kale ya Kigiriki ya Bacchae, ambamo Mfalme Pentheus anauawa na watu waliojazwa na mungu Dionysus. Watazamaji waliruhusiwa kuingia ndani ya mchezo. Usiku mmoja wanafunzi fulani waliamua kwamba Pentheus asife, wakamnyakua mwigizaji wakatoka naye mlangoni. Mchezo ulikuwa umewapa watu nguvu, nao wakaitumia. Wapo waliosema kwamba kikundi kiliharibiwa kazi. Mimi naona ni ushahidi kwamba tambiko lilikuwa limefanya kazi yake zaidi ya walivyotegemea wenyewe. Ila mwongozaji anayefungua mlango ule ana wajibu: lazima ajue atamfanya nini mtu aliyekubali, na lazima aliyekataa alindwe heshima yake. Vijana wetu walijua. Lile "Ahsante, babu" lilikuwa sehemu ya uongozaji kama taa na ngoma.

Kuna na hatari nyingine, ya kwetu zaidi. Miaka ya 1960 kikundi cha ngoma cha taifa kiliichukua sindimba ya Wamakonde, kikaipeleka majukwaani nchi nzima. Ikapendwa, ikawa karibu alama ya taifa. Lakini sindimba ilikuwa na nyumba yake, ilikuwa na jando na unyago, na watu wake walijua inachezwa lini na kwa nini. Ilipotolewa kule ikabaki viuno. Tangu hapo tumekuwa hodari wa kuchukua ngozi ya tambiko na kuacha nyama. Vijana hawa walifanya kinyume, na naomba niwasifu kwa jambo ambalo huenda wengi hamkuliona: hawakutumia maneno ya tambiko lolote lililo hai. Nilimuuliza mwongozaji. Akanijibu kwamba walikwenda kwa wazee, wakaambiwa yapo maneno ambayo hayasemwi kwa mazoezi, wakayaacha. Walibaki na maneno ya mwandishi, maji ya bomba na kaniki ya dukani. Walichochukua kwenye tambiko ni umbo lake: kungoja, kuulizwa, kukubali mbele za watu, na kulipia ulichokikubali. Kwa hiyo hata Mwislamu au Mkristo aliyekuwa pale na wasiwasi hakuwa ameingizwa kwenye ibada ya mtu mwingine bila ridhaa.

Sasa lawama yangu, maana siwatendei haki nikiwapa sifa tupu.

Mwisho wa tamthilia, Kinjeketile yuko kifungoni, anaambiwa akiri tu kwamba maji hayakuwa na kweli, apate nafuu yake. Anakataa, akifikiria watoto watakaokuja wataambiwa nini. Katika onyesho hili, mwigizaji aliyevaa kofia ya afisa aliwageukia wale wachache waliokuwa bado wamesimama, akamwendea kijana mmoja, mtazamaji kama sisi, akamuuliza: "Sema maji yalikuwa uongo, uende nyumbani." Kijana alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Siwezi." Akaulizwa kwa nini. Akasema, "Wenzangu wamekaa chini."

Ndugu zangu, kwa umri wangu wote wa kutazama maigizo sijasikia jibu kama lile, na halikuandikwa na mtu. Na hapo, hapo hapo, mwigizaji mmoja akajitokeza mbele na kutueleza kwamba umoja ni nguvu na kwamba tuienzi historia yetu. Kwa nini? Kijana alikuwa ameshasema. Mnatuamini kiasi cha kutumwagia maji mikononi na kutuangusha kwa michi, halafu dakika ya mwisho mnaogopa hatukuelewa? Ikateni ile hotuba. Ikateni kabla ya onyesho lijalo.

Nasisitiza kwa sababu kazi hii haiishii uani. Tarehe 27 Februari 1906 watu 67 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, naye akanyongwa siku chache baadaye, na kichwa chake kikachukuliwa kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha Mbano, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa kile. Familia imekuwa ikingoja muda wote huo. Ukiwa umeshakaa kwenye mchanga ukingoja mtu atoke majini, hata kwa dakika chache, unaisikia habari hiyo tofauti na unavyoisikia redioni.

Nimeambiwa kikundi kinapanga kulipeleka onyesho kusini, Rufiji na Kilwa kwanza, kisha Mahenge na Songea. Naliunga mkono, na nitachangia nauli. Ila nina ombi kwa dada mwongozaji, na ningependa alijibu leo mbele yetu. Huko mtakakokwenda, mtu mtakayempigia magoti na kibuyu anaweza kuwa mjukuu wa aliyepokea maji Ngarambe, au mjukuu wa aliyekataa. Anaweza kuwa mjukuu wa askari, maana nao waliacha kizazi. Swali lenu la neno moja litakuwa na uzito ambao hapa Dar es Salaam halikuwa nao. Mtakaa na wazee wa kila mahali kabla ya kucheza? Nani atakayekuwa wa kwanza kuulizwa, na mkiambiwa na kijiji kizima "Hapana, wanangu", onyesho lenu linaendeleaje? Nadhani linaweza kuendelea, na hata kuwa kubwa zaidi, lakini lazima liwe limefanyiwa mazoezi. Dada, karibu mbele. Na wale wenzako wa kwenye michi waje pia, maana wanafunzi wamenisumbua tangu mchana wanataka kujua mlijifunza vipi kupokezana kwa kasi ile bila kuvunjana vidole.